Mmea Unanyauka Chini ya Taa? Tazama Juu Kabla ya Kushika Kopo la Maji

Kwenye kaunta ya mapokezi ya ofisi moja hapa Arusha kulikuwa na vyungu viwili vya Spathiphyllum, ile yenye ua jeupe mfano wa tanga. Vilinunuliwa siku moja, vikajazwa udongo wa aina moja, na kila Jumatatu mhudumu alivimiminia kikombe kimoja kimoja cha maji. Cha kwanza kilikaa chini ya taa ya klipu ya rangi ya zambarau iliyowaka mchana na usiku; ikifika Jumatano, mmea ulikuwa umelala kama kitambaa kilicholoa. Cha pili kilikuwa mwisho wa kaunta, kwenye kivuli cha kabati. Udongo wake haukukauka hata baada ya siku kumi, na majani ya chini yaligeuka manjano moja baada ya jingine. Nilipoitwa, nilipewa jibu kabla sijauliza swali: "Mzee wa maua, maji hayatoshi. Tuongeze viwe vikombe viwili?"

Chungu cha kwanza, kikombe cha pili kingekipa nafuu ya siku moja. Chungu cha pili kingekufa. Kwa mbali wote wawili walikuwa wagonjwa wa aina moja, majani yamelegea na rangi imepauka. Ukiwakaribia, mmoja alikuwa hafungi milango yake na mwingine hajaifungua wiki nzima, na chanzo cha yote mawili kilikuwa kinaning'inia juu yao.

Mlango wa jani, na anayepiga hodi

Kwenye ngozi ya jani, hasa upande wa chini, kuna vitundu visivyoonekana kwa macho viitwavyo stomata. Mimea mingi ina kati ya 100 na 300 katika kila milimita moja ya mraba, na hata zikifunguka zote kwa pamoja nafasi yake haifiki asilimia 5 ya eneo la jani. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayovutwa na mizizi huishia hewani, na sehemu kubwa hutokea hapo. Kila kitundu kina seli linzi mbili zenye umbo la maharagwe. Zikijaa maji hubinuka na kuacha upenyo katikati. Zikipungukiwa hulegea na kubanana.

Kinachozijaza asubuhi ni mwanga, lakini rangi zake hazifanyi kazi sawa. Mwanga wa bluu ndio unaopiga hodi. Seli linzi zina protini ziitwazo fototropini ambazo hunasa bluu, pampu za seli zikaanza kusukuma haidrojeni nje, potasiamu ikaingia, na maji yakaifuata potasiamu. Nyekundu hupitia uani: huendesha usanisinuru, kabonidayoksaidi iliyomo ndani ya jani ikapungua, na mlango ukafunguka kutafuta nyingine. Kijani hupunguza kazi ya bluu. Wanaofunga ni giza, ukavu, na homoni iitwayo asidi absisiki ambayo mmea huitengeneza ukipata kiu.

Kwa hiyo mbele ya mmea ulio chini ya taa huwa nauliza mambo matatu: taa ni ya rangi gani, ina nguvu kiasi gani inapofika kwenye jani, na inawaka saa ngapi kwa siku. La nne ni hewa, kwa sababu kiyoyozi hudanganya watu. Hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 hunyonya jani kwa nguvu ya kama kilopaskali 1.1 (kilopaskali ni kipimo cha mgandamizo), chumba cha kiyoyozi chenye nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 45 hunyonya kwa 1.6. Wewe unasikia baridi, jani linasikia jangwa.

Vipimo vya kufanya kabla ya kubuni sababu

Cha kwanza ni mfuko. Mmea umenyauka na udongo una maji? Jioni zima taa, ufunike mmea wote kwa plastiki angavu ya kufungia bidhaa (mifuko ya kubebea tuliagana nayo mwaka 2019), uache hadi asubuhi. Ukiukuta umesimama, mizizi ni mizima na tatizo ni maji kuvuja kwenye majani. Ukiukuta bado umelala, ng'oa taratibu uinuse mizizi. Mizizi iliyooza ni ya kahawia, inachubuka ngozi ukiivuta, na harufu yake haihitaji maelezo.

Cha pili ni Vaseline. Paka upande wa chini wa jani moja, acha jirani yake bila kupakwa, subiri saa moja taa ikiwaka, kisha pima joto la yote mawili. Zile bunduki za kupima paji la uso tulizozichoka wakati wa korona zinafaa, mradi iwe na kitufe cha kupima joto la vitu. Jani linalotoa mvuke hujipoza, hivyo lililozibwa litakuwa na joto zaidi kwa nyuzi moja au zaidi. Yakilingana, lile ambalo hukulipaka nalo limefunga milango yake lenyewe. Ficus benjamina, fikasi ya vyunguni, ni mwalimu mzuri wa jaribio hili kwa sababu stomata zake zote ziko chini.

Cha tatu ni mizani, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Kata majani matatu manne asubuhi, yasimamishe kwenye maji kwa saa moja, yafute, yalaze mezani upande wa chini ukiangalia juu. Pima kila nusu saa kwa mizani ndogo ya sonara yenye kusoma sehemu ya mia ya gramu. Jani lenye afya hupoteza uzito haraka mwanzoni, kisha milango inafungwa na uzito unakaribia kutulia. Jani lililosahau kufunga linaendelea kupungua saa ya pili na ya tatu kana kwamba halijakatwa. Fanya vivyo hivyo kwa majani ya mmea wa aina ileile uliokaa dirishani ili upate cha kulinganisha. Uzito wa jani moja peke yake haukuambii kitu.

Walimu wa baiolojia wataniuliza kuhusu rangi ya kucha. Ndiyo, paka ile isiyo na rangi chini ya jani, ikikauka ibandue kwa selotepu, iweke kwenye hadubini, na utaziona stomata zilivyo. Inafaa kwenye majani laini. Kwenye saintpaulia, lile ua letu la Milima ya Usambara lililopelekwa Ulaya mwaka 1892 na baroni wa Kijerumani na sasa linalelewa chini ya taa vyumbani duniani kote, utabandua manyoya matupu.

Udongo mbichi wiki nzima, majani ya chini yanageuka manjano

Hii ndiyo kesi ninayokutana nayo kuliko zote, na ndiyo inayozika mimea mingi ya maofisini. Macho yetu ni mashahidi wa uongo. Meza ya ofisi yenye luksi 500 (luksi ni kipimo cha mwangaza), kiwango cha kawaida cha kusomea, tunaiona inang'aa. Nje saa 6 mchana jua hufikia luksi 100,000. Ukigeuza kwa vipimo vya mmea, luksi 500 za LED nyeupe ni kama maikromoli 7 za mwanga kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Jaribio la taa nitakalolitaja hapo chini lilitumia maikromoli 100.

Kwa mwanga huo hafifu stomata hufunguka kidogo sana. Jani halivuti, maji yanabaki chunguni, hewa inafukuzwa udongoni, mizizi inaoza. Mizizi iliyooza haipandishi maji, kwa hiyo jani linanyauka, na anayepita anaona mmea wenye kiu. Anaongeza maji. Ukiona vijidudu vyeusi mithili ya mbu wadogo vinaruka ukigusa udongo, jua hali hiyo imeanza siku nyingi.

Anza na maji, taa baadaye. Acha ratiba ya Jumatatu. Inua chungu, na kama ni kizito, kiache. Kisha pima mwanga pale jani lilipo kwa programu ya luksi ya kwenye simu. Haina usahihi wa maabara, lakini kutofautisha 300 na 3,000 inaweza. (Chini ya taa ya zambarau usiitumie kabisa: luksi hupimwa kwa jicho la binadamu, nalo linapendelea kijani.) Kwa uzoefu wangu Spathiphyllum na Epipremnum (ule mtambaazi uitwao money plant) hujikongoja kwenye luksi 1,000 kwa saa 12 kwa siku, na huanza kutoa majani ya maana kwenye 2,000. Ukitumia balbu moja, kupunguza umbali kwa nusu kunaongeza mwanga karibu mara nne, kwa hiyo mara nyingi unachohitaji kununua ni waya mrefu zaidi.

Mmea ukishapata mwanga, stomata zinafunguka na unywaji unapanda. Hapo ndipo watu wengine wanapoharibu kwa upande wa pili: wamezoea kuunyima maji, wanaendelea kuunyima. Inua chungu kila baada ya siku mbili kwa wiki ya kwanza.

Unalala kila siku ya tatu, na taa haizimwi

Jani ambalo halijawahi kuona usiku halijui kufunga. Wakulima wa mawaridi wa Ulaya ya kaskazini walilijua hili kwa hasara. Majira ya baridi ni marefu, jua halipatikani, wakawasha taa saa 24. Maua yalikuja mengi na mazuri. Yalipofika kwenye chombo cha maji sebuleni yalinyauka kabla ya wakati. Watafiti wa Norwei na Uholanzi walipochunguza majani yake waligundua kwamba stomata zilikuwa wazi mchana na wazi usiku, na ziliendelea kuwa wazi hata baada ya shina kukatwa. Hewa yenye unyevu wa asilimia 90 ndani ya banda huleta madhara yaleyale, na vikikutana viwili hivyo, mambo huharibika zaidi.

Sababu iko kwenye malezi ya jani. Jani changa linapokua huhitaji kuonja kiu kidogo au giza kila siku. Asidi absisiki hupanda na kushuka, na seli linzi hujifunza kuitikia. Jani lililokulia kwenye mwanga usiokoma na hewa iliyojaa mvuke halikupata somo hilo. Likiwa palepale lilipozaliwa linapendeza. Lihamishie kwenye kiyoyozi, au liache lipitwe na Jumatatu moja, uone.

Mawaridi yetu ya Naivasha na Arusha yana bahati ya kukaa karibu na ikweta: hulala kwa saa 12 kila usiku bila mtu kuyapangia. Ni sisi wenye sebule na maduka tunaoyanyima maua usiku wake, kwa sababu taa ya mapambo inapendeza ikiwaka au kwa sababu mlinzi hajui swichi ilipo.

Thibitisha kwa mfuko na mizani. Kisha nunua taima ya kuchomeka ukutani. Mimi huweka saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Saa kumi za giza zinatosha mimea karibu yote ya ndani. Usinyunyizie majani maji kutwa kucha ukidhani unasaidia, kwa sababu unaendeleza malezi yaleyale mabaya. Badala yake weka feni kwa upepo mdogo, na acha sehemu ya juu ya udongo ikauke kati ya umwagiliaji na umwagiliaji. Ukiweza, badilisha na balbu yenye bluu ya kutosha: imeonekana kwenye mawaridi kwamba jani lililolelewa kwenye bluu zaidi hufunga vizuri zaidi. Bluu hufungua mlango, lakini pia hulainisha bawaba zake.

Chini ya taa nyekundu au zambarau jani ni jembamba na mmea haukui

Taa hizi zimejaa Kariakoo na Luthuli Avenue ya Nairobi. Nyingine ni nyekundu karibu tupu, na bluu imewekwa kama chumvi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha jaribio la mimea mitatu ya mapambo: Cordyline australis, Ficus benjamina na Sinningia speciosa. Waliikuza wiki 8, saa 16 kwa siku, kwa mwanga wenye nguvu ileile ya maikromoli 100, ila wengine walipewa nyekundu tupu, wengine bluu tupu, wengine nyekundu asilimia 75 na bluu 25, na wengine nyeupe. Chini ya nyekundu tupu mimea ilikuwa na uzito mdogo. Bluu iliongeza upitishaji wa hewa na mvuke kwenye jani kuliko nyekundu, na kilichonivutia ni namna ilivyofanya hivyo: upenyo wa kila stoma haukubadilika. Jani lilikuwa limejenga milango mingi zaidi. Fikasi iliongeza na unene wa jani.

Maana yake kwako ni kwamba jani lililokwisha kujengwa chini ya nyekundu haliongezewi milango kwa kubadilisha balbu. Utaona tofauti kwenye majani yajayo.

Badala ya kutafuta taa ya "kitaalamu", soma namba ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) kwenye boksi la balbu nyeupe ya kawaida ya LED. Ya 2,700, ile ya manjano ya hotelini, ina bluu kama asilimia 10. Ya 4,000 ina karibu 20, na ya 6,500 inakaribia 30. Kwa mimea ya majani tu, isiyo ya maua, napenda 4,000: inatosha mmea, na wateja hawalalamiki kwamba ofisi imegeuka chumba cha upasuaji.

Jani la moto, kingo zimejikunja, katikati pamebanana

Taa iko karibu mno. Jani linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyopandisha, linafunga mchana kweupe, na likishafunga halijipozi. Jaribio la Vaseline litakuonyesha majani yote mawili yana joto sawa, tena juu ya joto la hewa. Zile taa za zamani za sodiamu zenye rangi ya chungwa ni mbaya zaidi kwa hili kwa sababu hurusha joto pamoja na mwanga. Kwenye saintpaulia majani ya katikati huwa magumu na yaliyosongamana. Vikonyo virefu vinavyonyooka kuelekea juu humaanisha kinyume chake, mwanga haufiki. Pandisha taa kiganja kimoja kwa wakati, si zaidi, na usubiri wiki.

Ncha za kahawia kwenye Dracaena, Cordyline na Chlorophytum

Hapa wenyeji wa Arusha na wa Bonde la Ufa wasikilize. Maji yetu mengi yana floraidi, tunaijua kwa meno yetu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima kadhaa vya huku huvuka hapo kwa mbali. Floraidi husafiri na maji hadi mwisho wa jani. Maji yanatoka kwa mvuke, yenyewe inabaki. Kwa hiyo ncha hufa kwanza, na kadiri stomata zinavyokaa wazi ndivyo mzigo unavyorundikana haraka.

Ndiyo maana mtu huniambia, "Nilipoinunulia taa ndipo ilipoanza kuungua," na yuko sahihi, ingawa taa haikuunguza chochote. Ilifungua milango, mmea ukanywa mara tatu ya ulivyokuwa unakunywa, na kila tone lilikuja na chumvi zake. Usizime taa. Kinga maji ya mvua bomani, umwagilie hayo. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na floraidi inabaki palepale. Epuka pia mbolea ya superfosfeti kwa mimea ya jamii hii, kwa kuwa nayo hubeba floraidi. Ncha iliyokufa ikate kwa mkasi ukifuata umbo la jani, uache ukingo mwembamba wa kahawia ili usijeruhi sehemu hai.

Vipele kama vya ngozi ya mti chini ya jani

Peperomia na jerani hupata sana. Mizizi imekunywa, udongo una joto, hewa imejaa mvuke na milango imefungwa. Seli zinavimba hadi zinapasuka, kisha kovu linakauka kama kizibo cha chupa. Taa za LED zenye nyekundu nyingi bila bluu wala miale ya urujuanimno huchangia kwa baadhi ya mimea, kama inavyojulikana kwa nyanya. Mwagilia asubuhi badala ya jioni na upitishe hewa. Kipele hakiambukizi, kwa hiyo dawa ya kuvu haihitajiki.

Mche wa maabara umekauka siku uliyoutoa chupani

Okidi, anthuriamu na hata migomba inayozalishwa kwa tishu hukua kwenye chupa zilizofungwa, chini ya taa, hewa ikiwa na unyevu unaokaribia asilimia 100. Ni kesi ya waridi la Norwei iliyokolezwa: stomata hazifungi, na nta ya juu ya jani ni nyembamba. Ukiuweka mezani, unakauka mbele ya macho yako. Ufunike kwa kopo angavu, kwenye mwanga hafifu, na ufungue kidogo zaidi kila siku kwa wiki mbili hadi tatu. Majani yaliyotoka chupani mengi yatakufa hata ufanyeje. Unachopigania ni jani la kwanza litakalozaliwa nje.

Sansevieria imesimama tu, kalanchoe haichanui

Mimea hii, pamoja na okidi za Phalaenopsis, hufungua stomata usiku na kuzifunga mchana. Hukusanya kabonidayoksaidi gizani, huihifadhi kama asidi, na kuitumia jua likiwaka. Ni ujanja wa mahali pakavu. Hata Zamioculcas, mzaliwa wa Afrika Mashariki anayeuzwa kwa bei ya kigeni, huutumia kwa kiasi. Taa ya saa 24 huwanyang'anya saa zao za kazi. Hawatanyauka, wana akiba. Watasimama mwaka mzima bila jani jipya huku ukijisifu kwamba hawafi. Wazimie taa kwa saa 12 kila siku na uwamwagilie kwa nadra. Na kwa kuwa watu huniuliza: hapana, mmea wa chumbani hauibi hewa yako usiku. Anayelala pembeni yako anavuta nyingi zaidi.

Kalanchoe ina jambo la pili ambalo si la stomata. Huhitaji usiku mrefu usiokatizwa ili itoe maua. Poinsettia ya ua wa nyumba ni hivyohivyo: upande unaomulikwa na taa ya ulinzi hubaki kijani Desemba wakati upande wa pili umewaka nyekundu. Mashamba ya krisanthemu hutumia ujanja huohuo kwa makusudi, yakiwasha taa usiku wa manane ili mimea mama isichanue na iendelee kutoa vipandikizi. Kwa stomata zenyewe, taa ya barabarani ya luksi 20 ni hafifu mno kuweza kuzifungua wazi, kwa hiyo usiilaumu kwa kila jani la bougainvillea linaloanguka.

Matone kwenye ncha za majani asubuhi

Monstera na Dieffenbachia hutoa matone baada ya usiku wenye udongo mbichi. Mizizi inasukuma, stomata zimefungwa, maji yanatafuta njia ya kando. Futa meza.

Umerekebisha taa, na majani bado yanaanguka

Usibadilishe tena. Jani lililokomaa chini ya taa mbaya lilijengwa hivyo, na likishakamilisha ukubwa wake hubadilika kidogo sana. Funga uzi mwekundu kwenye jani changa kuliko yote siku unayoweka taima, andika tarehe kwenye chungu kwa kalamu ya maka, na kuanzia hapo hesabu majani yaliyo juu ya uzi tu. Yakifika matatu, kata moja, uchukue mizani, urudie kipimo cha nusu saa nusu saa. Spathiphyllum ya chini ya taa ya zambarau ilichukua karibu miezi miwili. Ile ya kwenye kivuli cha kabati tuliipunguza mizizi iliyooza, tukaisogeza mita mbili kuelekea kwenye mwanga, na sasa mhudumu huinua chungu kwanza ndipo aende kuchota maji.